Jiko Lililovuka Mupaka

Jumatatu, 2 Novemba 1981

Nimeshindwa. Tena! Hakimu wa rufaa amesoma hukumu mbio mbio kama muntu anayekimbia mvua, akafunga faili, akaenda kula. Jiko la Papa Edmond, jirani yangu, litabaki pale pale. Sababu? Eti nimechelewa kulalamika! Nusu ya jiko lile imekaa ndani ya parseli yangu, kiwanja changu. Jiwe la mupaka nililiona kwa macho yangu mawili nikifukuza kuku. Na yeye ananiletea habari za kuchelewa.

Sawa, ni kweli: jiko lilijengwa mwaka aliozaliwa binti yetu Lucie, na Lucie sasa yuko darasa la tano. Ni kweli nilibeba matofali. Ni kweli nilikula mbuzi wa kufungua jiko, paja zima, na nikasimama kutoa hotuba ya kulisifu. Papa Edmond aliyasema yote mbele ya hakimu. Hotuba aliikumbuka mpaka nukta! Kisha hakimu akamuuliza muke wangu, Mama Bertille, yeye anapikia wapi. Akajibu bila haya: mule mule, pamoja na Mama Émérence, muke wa Papa Edmond, kwa kuwa jiko letu lilianguka zamani na mumewe bado anaahidi lingine. Watu wakacheka mpaka machozi. Nilitamani kuingia chini ya benchi.

Lakini mimi Basile, mustaafu wa gari la moshi, sirudi nyuma. Nataka uwanja wangu. Nitafungua nganda pale: viti, bia baridi, muziki, na mimi mulangoni ndani ya abakosti, koti la wakubwa. Mama Bertille amesema siku jiko lile litakapoanguka, yeye atafuata jiko la kaka yake Damien kule Moba. Vitisho tu. Ameniletea bukari, ugali wetu, na ndagala, dagaa wa ziwa, za moto kutoka jikoni kwa adui. Nimekula yote, nimepangusa sahani.

Jumanne, 3 Novemba

Furaha! Furaha! Camille ameniokoa. Camille ni rafiki yangu wa zamani. Alikuwa akitoboa tiketi kwenye gari la moshi, sasa njo avoka, ndiye wakili wa barabarani. Hana karatasi yoyote ya shule ya sheria lakini ana sauti.

Ameniuliza kama nilisikia vile hakimu alimwita Papa Edmond siku ya kesi. Nilisikia sana! Alimwita mbuzi. Alisema kesi ikiisha atamuchuna ngozi, nazo ndevu zake ziwe mufagio. Papa Edmond akamujibu kwamba chui mwenye kitambi hawezi kukamata hata kuku. Mimi nilikuwa nimekaa pale meno nje, nikidhani hakimu anamuchukia jirani yangu, nikasema moyoni kesi nimeshinda!

Kumbe wapi. Camille anasema hakimu ni wa ukoo wa Chui na Papa Edmond wa ukoo wa Mbuzi. Ni watani! Tangu mababu! Matusi yale yote ni mapenzi. Mutani wako anakutukana asubuhi, jioni anakubeba mugongoni. Basi hakimu alimupendelea mutani wake mbele ya macho yangu, na mimi nikapiga makofi!

Njo hapo pa kushika. Tutaomba kesi isikilizwe upya. Nimecheza uwanjani peke yangu, nikiimba. Mama Bertille akachungulia kutoka jikoni kwa Papa Edmond akauliza kama siafu wameingia ndani ya suruali.

Alhamisi, 5 Novemba

Nimepeleka ombi. Jana nilikuwa niende, lakini nilipita kwanza kuangalia viti vya nganda, halafu mvua, halafu usingizi.

Karani wa tribinali, mahakama yetu, anaitwa Urbain, kijana mwembamba mwenye kalamu nyekundu. Amesoma jina langu akalikata. Amesema serikali ya Zaire haimujui muntu anayeitwa Basile. Jina la kizungu ni la nyumbani, mbele ya sheria niweke la babu yangu. Nikaandika Mwilambwe. Akaniuliza basi huyu Mwilambwe amekuwa wapi siku zote, maana kesi za kwanza zote zilikuwa za Basile. Nikamwambia ni muntu mumoja. Akasema ataona.

Kisha swali baya. Habari ya utani niliijua lini? Nikajibu juzi. Akacheka. Amesema kila muntu wa hapa Kalemie anajua kwamba Chui na Mbuzi ni watani. Hata wauza ndagala pwani wanajua. Kwa nini sikumukataa hakimu siku ile ile, alipoanza kutukana? Nikamwambia ukweli: siku ile nilikuwa ninafurahi. Urbain ameandika neno hilo kwa wino mwekundu. Sikupenda jinsi alivyolitazama.

Jumamosi, 7 Novemba

Salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi. Mutaa muzima barabarani na majembe, kusafisha mifereji. Wamenipanga na nani? Na Papa Edmond! Ombi langu amekwisha kusikia. Anacheka tu. Muntu huyu anacheka mpaka nachukia. Ameniazima jembe lake kwa kuwa langu mupini ulitoka.

Ameniambia, huku tukichimba, kwamba kama shida yangu ni nganda, ana kibanda cha mbele ya nyumba yake, kwenye barabara kabisa, hakifanyi kazi. Niweke viti vyangu hata leo, na jiko tuliache wanawake wapike. Nilikaribia kusema ndiyo. Halafu nikashtuka. Mutego! Muntu anayejua haki yake hawezi kutoa kibanda bure. Ameogopa!

Alipokwenda kunywa maji nilisukuma tope lote la mufereji upande wake wa mupaka. Muchana mvua ikanyesha. Tope lote limerudi mbele ya mulango wangu, na la kwake juu. Mama Bertille ameshika jembe akazoa. Mama Émérence akaja kumusaidia. Mimi nilikuwa na kazi ya kufikiri.

Jumatano, 11 Novemba

Leo mukubwa wa tribinali amesikiliza kama ombi langu linafaa. Mambo mawili: je, hakimu alipendelea, na je, mimi nimechelewa tena?

Nilitaka kufika mapema kuliko wote. Ila huwezi kusimama mbele ya mukubwa na shati la mauwa. Nikaenda kwa Camille kuazima abakosti. Abakosti ilikuwa imefuliwa. Tukaikausha juu ya makaa. Mukono wake wa kushoto ukaungua kidogo. Nikatafuta muntu wa kushona. Nilipofika, Urbain alikuwa akiita jina langu kwa mara ya mwisho, na nikaingia nikipiga kelele kwamba mimi si muntu wa kuchelewa! Ukumbi wote ukaanguka kwa kicheko. Mukubwa mwenyewe alifuta macho.

Lakini nimeshinda! Hakimu wa Chui amesimama akasema ni kweli, Papa Edmond ni mutani wake, ni mbuzi wake wa siku zote, na hata kama haki aliifuata, hana ubishi akiondolewa. Habari za jiko lile zimemuchosha mpaka kwake nyumbani anakula nyama ya kuchoma nje. Papa Edmond akamwambia aseme ukweli: nyumbani anakula nje kwa kuwa muke wake amemufukuza. Wakashikana mikono na kucheka. Mukubwa akanyoosha kidole kwao akasema njo hii sasa, upendeleo wenyewe, kesi itasikilizwa upya na hakimu mwingine.

Nimerudi nyumbani nikipepea na mukono mumoja mufupi. Mama Bertille ameuliza tu kama nimefikiria atapikia wapi. Nimemwambia mambo makubwa kwanza.

Ijumaa, 13 Novemba

Hakimu mupya nimemuona! Anatoka Bandundu, mbali kabisa, upande wa magharibi. Munene, mupole, abakosti ya kijivu, kofia nzuri. Lingala yake ni maji, Kifaransa chake ni asali, lakini Kiswahili anakikanyaga kama muntu anayepita juu ya mawe bila viatu. Hana ndugu hapa, hana mutani, hana muntu.

Hapo kichwa kikawaka. Papa Edmond alishinda kwa utani. Na mimi nishinde kwa utani! Nani atakuwa mutani wa hakimu huyu? Mimi! Nafasi iko wazi!

Camille ameulizia pwani nzima kama kuna ukoo wetu wenye utani na watu wa Bandundu. Hakuna. Amesema tuache. Camille ni muoga. Mimi nimefikiri vizuri: hakimu amezaliwa kando ya muto mukubwa, Urbain amenithibitishia. Babu yangu alikuwa muvuvi wa Zongwe, kando ya ziwa. Yeye maji, mimi maji. Watu wa maji wote lazima wawe watani, ila hakuna aliyekuwa amewaambia. Nitamwambia mimi.

Ila utani haubishi hodi ofisini. Mahali pake ni matanga. Na Mungu ni mwema: muzee Nicolas, katekista wa mutaa wetu, amefariki jana, muzee aliyeshiba siku zake. Jumapili watu wakubwa wote watakuja kutoa pole.

Jumapili, 15 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Matanga yalikuwa mazuri. Watani wa marehemu walikuwa wamekwisha kuanza: mumoja amevaa koti la muzee Nicolas anahubiri kama yeye, mwingine amelala chini anadai kwamba yeye njo maiti na anataka bia. Wafiwa wanalia na kucheka pamoja. Nikaona hewa imeiva.

Hakimu akaingia. Wakamupa kiti cha mbele. Akasimama kwenda kumupa mujane mukono, akaacha kofia juu ya kiti. Nikapita mbio, nikavaa kofia, nikakaa. Watu wakanitazama. Hakimu akarudi kinyumenyume, bado anamuinamia mujane kwa heshima, akakaa. Akanikalia mimi! Uzito ule sitausahau. Nikapaza sauti kutoka chini yake kwamba hata kiboko wa Bandundu huomba ruhusa kabla ya kukalia watu!

Nilingoja kicheko.

Hakuna aliyecheka. Hata maiti wa uongo aliinua kichwa.

Nilidhani hawajasikia vizuri, basi nikaendelea. Nikasema tumbo lake ni pipa la mafuta ya mawese. Nikasema huko kwao wanakula viwavi halafu wanakuja kula ndagala zetu bila kunawa. Nikamuonyesha kofia kichwani nikamwambia sasa ni yangu, aje aichukue kama ni mwanaume. Hapo Mama Bertille akanishika ukosi kwa nyuma, na ule mukono wa abakosti ulioungua ukabaki mikononi mwake.

Hakimu hakukasirika. Njo hilo lilinitisha. Alimuuliza Urbain kwa upole, kwa Kifaransa, muntu huyu ni nani. Urbain akamwambia. Hakimu akatikisa kichwa pole pole akasema, aa, njo yeye.

Jumatatu, 16 Novemba

Mutaa wote unasema nitafungwa. Mwanamuke wa mikate amenipa mukate wa bure, kama vile anaaga.

Sasa sikia jambo hili. Asubuhi Papa Edmond amevaa viatu akaenda nyumbani kwa hakimu! Amemueleza habari ya utani wetu, tangu Chui na Mbuzi mpaka matanga, akamuombea musamaha wangu, akasema mimi si muntu mubaya, ni kichwa tu kinachotangulia. Alikaa kule muda murefu. Kofia yake mimi niliirudisha jana. Amerudi na neno: hakimu ameelewa, na kesi iko pale pale Ijumaa.

Mama Bertille amelia kwa kumushukuru. Amenisukuma niende kusema asante. Nimekwenda. Nimesema asante. Lakini nikiwa njiani kurudi, jambo likanichoma: Papa Edmond ameonana na hakimu pembeni, kabla ya kesi, peke yao! Upendeleo muzima muzima! Nimemukimbilia Camille tuliandike. Nikishindwa Ijumaa, sababu ya kuomba upya tayari ninayo.

Ijumaa, 20 Novemba

NIMESHINDA!

Nimeshinda, nimeshinda, nimeshinda! Acha niandike kwa utulivu. Siwezi!

Nilifika mapema, kabla ya Urbain mwenyewe. Papa Edmond alisema yale yale: nilinyamaza, nilibeba matofali, mbuzi, hotuba. Muda wangu ulipita. Mimi nilikuwa na maneno mengi ya Camille mufukoni lakini niliyasahau yote. Nilisema tu kwamba jiwe ni jiwe.

Hakimu akasema hivi: Muntu huyu alinitukana mbele ya wafiwa na akakaa chini yangu. Nikimukatalia, Kalemie nzima itasema nimelipiza kisasi, na tribinali itaaibika. Kwa hiyo kesi yake nimeipima mara ya pili, na mara ya tatu, nikitafuta kila neno la kumusaidia, ili asiwepo wa kusema nilimuonea. Akaendelea: yeye hakuwepo Kalemie, mbuzi hakumula, hotuba hakuisikia. Anayoyajua ni karatasi na jiwe. Jiwe halikuhama kwa sababu mwenye parseli alinyamaza. Jiko libomolewe, na kitu chochote kisisimame juu ya mupaka ule.

Niliruka! Niligonga dari, au karibu. Nikamubusu Urbain. Papa Edmond akaja kunipa mukono, akasema pole pole kwamba ataanza kutoa mabati kesho. Nikageuka kumutafuta muke wangu anione.

Mama Bertille hakuwepo ukumbini. Alikuwa anapika.

Jumamosi, 21 Novemba

Tumebomoa. Salongo imeisha tukaanza.

Nilitaka pigo la kwanza liwe langu. Nikapiga na nyundo. Ukuta ukanirudishia nyundo mpaka begani. Matofali yale niliyachagua mimi mwenyewe enzi zile, imara sana! Papa Edmond akanionyesha pa kupiga. Mwishowe yeye njo alifanya kazi kubwa, mimi nikawa nasimamia.

Mama Émérence alisimama na mikono kichwani. Mama Bertille aliingia akatoa sufuria zake, mwiko, kinu, kile kisu cha kukatia sombe, majani ya muhogo, kimoja kimoja, akavipanga kwenye kitambaa. Nilimwambia aone jinsi uwanja unavyopendeza. Akauona. Akafunga kitambaa.

Nimenyamaziwa siku nzima. Nadhani amekubali.

Jumatatu, 23 Novemba

Amekwenda.

Kumbe hakuwa anatisha! Boti ya Moba imeondoka asubuhi na muke wangu ndani yake, na kinu. Nilikimbia mpaka bandarini na kandambili moja. Nikamwambia kwamba Papa Edmond ameanza kujenga jiko jipya upande wa pili wa nyumba yake, Mama Émérence amemuita, apikie kule kama zamani. Akasema hawezi kubeba sufuria yake kwenda kwa watu ambao mume wake amewavunjia jiko. Uso wake ataupeleka wapi? Lucie atabaki kwa Mama Émérence kwa ajili ya shule, mutoto hana kosa. Yeye mwenyewe atarudi siku atakaposikia kwamba nyumba ya Basile ina jiko. Siku hiyo hiyo, hata na boti ya mizigo. Lakini si kabla.

Aliyasema bila hasira. Afadhali angenitukana. Halafu akanirekebishia kola, akapanda.

Nyumba ni kimya. Nimekaa katika uwanja wangu mupya, juu ya kiti kimoja cha nganda. Ni mukubwa, uwanja. Ni mukubwa mno. Nimemukumbuka Mama Bertille mpaka nimeongea na kuku.

Jumanne, 24 Novemba

Sikukuu ya serikali. Biro zote za kazi zimefungwa, watu wanacheza na kuimba barabarani kwa heshima ya Chama. Nilicheza kidogo kupunguza njaa. Ikazidi.

Nimejaribu bukari mwenyewe, juu ya makaa, uwanjani. Mvua ikaja katikati. Nikasimama na mwavuli juu ya sufuria, mimi nikilowa, bukari ikilowa. Ilitoka uji juu na tofali chini. Kuku ameionja akaondoka.

Kwa Papa Edmond wanapikia barazani. Samaki ya mawese. Niliisikia harufu, na nikamusikia Lucie anaomba kuongezewa!

Alhamisi, 26 Novemba

Papa Edmond amekuja na sahani. Nimekula nimesimama, sikungoja hata kijiko. Alikaa juu ya kiti cha nganda akaningoja nimalize.

Kisha amesema jambo. Matofali ya jiko la zamani yamebaki mengi, mazuri. Jiko lake halikuyamaliza. Yeye ana mikono, mimi nina mikono, hakimu wa Chui ameahidi kuja Jumamosi kuleta bati mbili na kutukana. Tujenge jiko langu ndani kabisa ya parseli yangu, mbali na jiwe. Jumapili linasimama. Jumatatu habari inafika Moba. Mama Bertille anarudi.

Nilimutazama. Alikuwa anasema kweli, machozi yalikuwa karibu kumutoka yeye, si mimi. Mimi nilikuwa nimekwisha kulia kabla hajaja.

Kidogo nishike mukono wake! Lakini nikajikumbusha mimi ni nani. Kujenga? Matofali, tope, mugongo? Muntu aliyeshinda rufaa? Na nganda itakaa wapi? Jiko limeondolewa na sheria, basi sheria njo ilirudishe. Nimemushukuru, nimemwambia ana moyo muzuri ila hana akili ya tribinali. Amecheka, lakini si kama zamani. Sahani ameiacha.

Alipoondoka tu, wazo likanipiga. Loo! Nimekimbia kwa Camille bila viatu.

Jumamosi, 28 Novemba

Ombi jipya liko tayari! Camille ameliandika kwa mukono wake muzuri, na sijawahi kuona kitu kitamu kama hiki. Ninaomba kesi isikilizwe upya. Sababu: hakimu alipendelea. Alimupendelea nani? Mimi! Alisema mwenyewe, mbele ya ukumbi muzima, kwamba alitafuta kila neno la kunisaidia! Upendeleo wa wazi, mashahidi tele! Na Papa Edmond, maskini, alionewa. Muntu aliyeachwa ajenge, akasaidiwa kujenga, akasifiwa kwa hotuba! Nilikuwa wapi muda wote ule? Kuchelewa kwangu kulikuwa kukubwa mno, hakimu alikudharau tu. Nimeieleza hoja ile ya kuchelewa vizuri kuliko Papa Edmond alivyowahi kuieleza. Jiko lirudishwe!

Nilipita kumuonjesha Urbain. Amesoma mpaka mwisho, ameweka kalamu nyekundu chini, amesema kwa sauti ndogo kwamba aliyeshinda hakati rufaa. Nikamuuliza yeye ni ukoo gani. Akanirudishia karatasi. Nimemuandika naye ndani ya ombi.

Amenikumbusha siku za kupeleka ombi zinaisha, nisikawie. Mimi! Nitapeleka Jumatatu. Au Jumanne, mvua ikitulia.

Jioni Pontien wa boti amerudi kutoka Moba na salamu za Mama Bertille. Anauliza neno moja tu: jiko limesimama? Nje, upande wa pili, hakimu wa Chui anamutukana Papa Edmond na wanapanga matofali yaliyobaki karibu na mupaka wangu, eti kama nikibadili mawazo. Sikuwatazama. Nimemwambia Pontien apeleke jibu: Mama Bertille akae tayari, afunge kitambaa, kesi mupya imekwisha kuanza. Safari hii nitashindwa, na asitokee muntu wa kunizuia!